Jiji lilikuwa la Arya, funguo zilikuwa za chama

Matokeo ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Desemba 2020 yaliwapa Wakomunisti wa Thiruvananthapuram furaha yenye kigugumizi. Jiji hilo, makao makuu ya jimbo la Kerala kusini mwa India, walilitetea wakabaki na wingi katika baraza la madiwani 100. Tatizo likawa meya. K. Sreekumar, aliyekuwa akikalia kiti hicho, alibwagwa katika kata yake. Kiti chenyewe safari hii kilikuwa zamu ya mwanamke, na wanawake wawili wazoefu waliokuwa wakitajwa kukirithi nao walianguka, kila mmoja kwenye kata yake. Chama kilikuwa na jiji, hakina wa kumvisha joho.

Kamati ya chama ya wilaya ilikaa, ikapitia majina ya walionusurika, ikarudi na jina la diwani wa kata ya Mudavanmugal: Arya Rajendran, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya hisabati katika chuo cha All Saints. Alikuwa ameshinda kata yake kwa tofauti ya kura 549. Sheria inataka mgombea awe ametimiza miaka 21, naye alizaliwa tarehe 12 Januari 1999. Uchaguzi huo ungefanyika mwaka mmoja nyuma, jina lake lisingekuwapo hata kwenye karatasi ya kura. Tarehe 28 Desemba madiwani 54 walimpigia kura na binti huyo akaapishwa kuwa meya wa jiji la watu wanaokaribia milioni moja.

Habari ilienea India nzima kwa kasi ya moto wa kiangazi. Mwigizaji Kamal Haasan alimpongeza hadharani. Mohanlal, nyota wa sinema za Kimalayalam ambaye nyumba ya familia yake iko katika kata hiyohiyo ya Mudavanmugal, alimpigia simu. Kilichonichekesha zaidi ni pongezi za Gautam Adani, bilionea wa bandari na viwanja vya ndege. Wakati anaandika pongezi hizo, serikali ya Kikomunisti ya Kerala ilikuwa ikimpinga asikabidhiwe uwanja wa ndege wa jiji hilohilo. Mwaka uliofuata alikabidhiwa.

Magazeti yalipenda kumwandika kama binti aliyetoka darasani moja kwa moja hadi ofisi ya meya. Ni hadithi tamu, ila inaruka sehemu muhimu. Baba yake ni fundi umeme, mama yake wakala wa bima, na nyumba yao ilikuwa nyumba ya chama. Arya alikuwa rais wa jimbo wa Balasangham, jumuiya ya watoto iliyo chini ya mbawa za Chama cha Kikomunisti cha India (Marxist). Alikuwa pia katika kamati ya jimbo ya umoja wa wanafunzi wa chama na mwanachama wa kamati ya tawi mtaani kwao. Ndugu zetu waliopitia chipukizi na umoja wa vijana wa CCM hawahitaji kufafanuliwa njia hiyo: unaanza na wimbo na kitambaa shingoni, unafundishwa kusimama mbele ya watu, unajifunza kusubiri zamu, na zaidi ya yote unajifunza nani anaamua. Kwa hiyo Arya hakuokotwa. Alikuwa ameandaliwa, ila hakuna aliyetarajia angehitajika mapema kiasi hicho.

Mlango alioingilia ulifunguliwa na sheria. Mwaka 1992 India ilirekebisha katiba yake na kutaka angalau theluthi moja ya viti vya serikali za mitaa iwe ya wanawake. Kerala ikapandisha kiwango hadi nusu, na uchaguzi wa 2010 ukaendeshwa hivyo. Msomaji wa Tanzania asiharakishe kusema hivi ni viti maalumu. Kwetu diwani wa viti maalumu hupatikana kupitia orodha ya chama. Kule kata yenyewe ndiyo hutengwa: wagombea wote huwa wanawake, hupanda jukwaani, hubisha hodi nyumba kwa nyumba, na wakazi huwapigia kura. Kata zinazotengwa hubadilishwa, na kiti cha meya nacho huzunguka. Mwaka 2020 zamu ilizikuta Thiruvananthapuram, Kollam na Kozhikode. Utaratibu huo ndio uliomleta Arya, na ulikuwa na tarehe ya mwisho: muhula ukiisha, kiti kingeweza kuwa wazi kwa mwanamume yeyote aliyekuwa akikimezea mate.

Kuna jambo jingine linalofanana mno na la kwetu. Meya wa Kerala hachaguliwi na wananchi, huchaguliwa na madiwani wenzake, na mtendaji mkuu wa ofisi ni katibu anayeletwa na serikali ya jimbo, kama mkurugenzi wa halmashauri anavyoteuliwa kutoka juu hapa kwetu. Meya huongoza vikao, hukaa juu ya kamati za kudumu, hukata utepe na hutukanwa. Maji si yake, yako chini ya mamlaka ya maji ya jimbo. Mabasi ni ya shirika la usafiri la jimbo. Reli ni ya serikali kuu ya Delhi, ambako chama kinachotawala, BJP, ndicho kilichokuwa kikiongoza upinzani ndani ya baraza la jiji lake. Kilichokuwa chake moja kwa moja ni taka.

Na taka za Thiruvananthapuram zina historia. Kwa miaka mingi jiji lilizipeleka kijiji cha Vilappilsala, kwenye kiwanda cha kuzigeuza mbolea kilichofunguliwa mwaka 2000. Wanakijiji walilalamikia harufu, maji machafu na maradhi, hawakusikilizwa, na Desemba 2011 serikali ya kijiji ikakifunga kiwanda kwa kufuli. Mwaka uliofuata polisi walijaribu kukifungua kwa nguvu wakarudishwa na umma. Tangu hapo jiji halina dampo kubwa. Kila kaya inatakiwa iozeshe mabaki yake ya jikoni nyumbani kwenye ndoo za mboji, mitaani kuna mapipa ya kuozeshea, na plastiki hukusanywa mlango kwa mlango na wanawake wa Haritha Karma Sena wanaolipwa ada ndogo na kila nyumba. Kwenye karatasi ni mpango wa kupendeza. Mtaani, asiye na uwanja wala subira hufunga mfuko usiku na kuutupa mtaroni.

Arya aliurithi mpango huo pamoja na wimbi la pili la korona la 2021, kwa hiyo miezi yake ya mwanzo ilikwenda kwenye vituo vya wagonjwa kuliko kwenye mitaro. Mtihani ambao jiji humpimia kila meya ni Attukal Pongala, sikukuu ambayo wanawake kwa mamia ya maelfu hufika na vyungu, wakapanga mafiga ya matofali kando ya barabara kwa kilomita nyingi na kupika uji wa mchele, sukari guru na nazi kwa heshima ya mungu wao wa kike. Jioni huondoka. Yanabaki majivu, matofali na majani ya migomba jiji zima. Vibarua wa jiji huingia saa hiyohiyo, na kabla ya mapambazuko barabara huwa zimeoshwa. Sikukuu iliporudi kwa ukubwa wake Machi 2023 baada ya vizuizi vya korona, kazi hiyo ilifanyika vizuri, na matofali yaliyoachwa yakakusanywa kwa ajili ya nyumba za maskini. Hili aliliweza, tumpe haki yake.

Vita vya barazani vilikuwa na sura nyingine. Wapinzani waligundua mapema kwamba umri wake ni silaha rahisi. Aliitwa mtoto, akaambiwa arudi darasani. Aliwajibu kwenye kikao kwamba aliyeweza kuwa meya katika umri huo anajua pia kufanya kazi. Oktoba 2021 mbunge mzoefu wa chama cha Congress, K. Muraleedharan, alisema jukwaani kwamba meya ana sura ya kupendeza lakini yanayomtoka kinywani ni machafu. Arya akamshtaki kwa polisi. Mzee yule baadaye alieleza kusikitika. Waswahili tuna mzaha wetu wa namna hiyo, unaoanza na "binti mzuri" na kuishia kumvua mtu cheo chake, na sijui mwanasiasa mwanamke wa pwani hii asiyewahi kuumeza. Yeye aliukataa mapema. Tatizo ni kwamba kejeli hizo zilimjengea ukuta wa kinga. Kila alipokosolewa kwa jambo la msingi, chama kilisema ni chuki dhidi ya binti mdogo. Mara nyingine ilikuwa kweli. Mara nyingine lilikuwa swali la kiutawala linalohitaji jibu.

Swali la namna hiyo lilifika Novemba 2022. Barua yenye nembo ya ofisi ya meya na saini inayofanana na yake ilianza kuzunguka WhatsApp. Ilimwandikia katibu wa chama wa wilaya, Anavoor Nagappan, ikimtaarifu kuwa jiji lina nafasi 295 za ajira za mkataba katika idara ya afya na kumwomba alete majina ya watu wa kupewa kipaumbele. Arya alisema hakuiandika wala kuisaini, na siku iliyotajwa hakuwapo mjini. Akapeleka malalamiko kwa waziri kiongozi wa jimbo, Pinarayi Vijayan, na polisi wakafungua kesi ya kughushi. Barua ya pili ikaibuka, ya mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ya jiji, D. R. Anil, ikiomba majina kwa ajira katika hospitali moja ya serikali. Huyu alikiri kuwa ni yake.

Wiki zilizofuata, jengo la jiji liligeuka uwanja wa mapambano. BJP na Congress, vyama visivyopikika chungu kimoja, vilikutana getini vikidai ajiuzulu. Mabomu ya machozi yalipigwa, maji ya kuwasha yakarushwa, madiwani wakalala ndani ya ofisi. Serikali ya jimbo ikaamua haraka kwamba nafasi hizo zijazwe kupitia ofisi ya ajira ya serikali. Mahakama Kuu ilikataa ombi la kulipeleka suala hilo kwa wapelelezi wa serikali kuu. Mwisho wa Desemba mawaziri wawili wakakaa na wapinzani, Anil akaachia uenyekiti wa kamati, maandamano yakakoma. Meya akabaki.

Naliona tukio hili ndilo kiini cha maisha yake yote ya kisiasa, na si kwa sababu ya saini. Barua ile iliaminika upesi kwa sababu kila mkazi wa Kerala alijua ajira za muda za jiji huwa zinapita wapi. Kijana anayetafuta kibarua cha kufagia au cha hospitali hujua kwamba cheti kina uzito na kadi ya chama ina uzito wake. Katika mchoro huo meya ni karani wa juu na katibu wa wilaya ndiye mwenye daftari. Mwanamke aliyepewa kiti na kamati ya wilaya, ambaye hakuwa na kundi lake mwenyewe barazani, wala fedha zake, wala miaka ya kujenga wadeni, angemkatalia nani? Hata kama barua ni ya kughushi, na yeye alisema hivyo, uhusiano uliochorwa ndani yake haukumshangaza mtu.

Kati ya dhoruba hizo aliolewa. Septemba 2022 alifunga ndoa na Sachin Dev, mbunge wa Balussery na mdogo kuliko wote katika bunge la jimbo, rafiki wa tangu enzi za Balasangham. Harusi ilifanyika ukumbi wa chama, bila mbwembwe, na waalikwa waliombwa wasilete zawadi bali wachangie nyumba za wazee au mfuko wa maafa. Mwaka mmoja baadaye ikasambaa picha yake akiwa mezani kazini, kalamu mkono mmoja, mkono mwingine amempakata mtoto wa mwezi mmoja. Wengi walishangilia. Wengine wakauliza mfagiaji wa jiji hilohilo angeruhusiwa lini kubeba kichanga chake kazini. Swali lilikuwa zuri kuliko picha, na meya alikuwa mtu wa kulijibu kwa sera. Halikujibiwa.

Usiku wa tarehe 27 Aprili 2024, siku moja baada ya Kerala kupiga kura ya bunge la India, gari binafsi alimokuwamo na mumewe na jamaa zake lilisimama mbele ya basi la shirika la jimbo eneo la Palayam. Meya alidai dereva wa basi aliwaonyesha ishara ya matusi barabarani. Dereva alikana, akasema wao ndio waliomzuia akiwa na abiria. Akaondolewa zamu. Kisha ikagundulika kwamba kadi ya kumbukumbu ya kamera ya basi haipo. Nani aliichukua ni suala la wapelelezi. Kisiasa, hukumu ilitoka usiku uleule: mtaani hakuna aliyekumbuka tena binti wa fundi umeme, walimwona meya na mbunge ndani ya gari dogo wakimshusha mfanyakazi. Kwa chama kinachojinadi kuwa cha wafanyakazi, hiyo ni picha mbaya kuliko barua. Kura za bunge zilipohesabiwa, mgombea wa muungano wao wa vyama vya kushoto katika jimbo la uchaguzi la Thiruvananthapuram alishika nafasi ya tatu, na magazeti yakaripoti kwamba kwenye vikao vya tathmini mwenendo wa meya ulisemwa waziwazi.

Halafu ukaja mfereji. Amayizhanchan ni mfereji unaokatiza katikati ya jiji na kupita chini ya kituo kikuu cha reli kwa zaidi ya mita 100, gizani, ukiwa umejaa plastiki. Asubuhi ya tarehe 13 Julai 2024 kibarua wa mkataba aliyekuwa akiusafisha alichukuliwa na maji ya mvua na kuingizwa chini ya reli. Wazamiaji walimtafuta kwa siku mbili, wakitambaa juu ya taka zilizoshikamana kama zulia, na mwili wake ukaonekana Julai 15 ukielea sehemu nyingine ya mfereji. Kabla hata hajapatikana mabishano yalikuwa yameanza. Jiji lilisema sehemu ile ni ya reli na reli ndiyo iliyomkodi. Reli ikasema taka zinatoka jijini. Mahakama Kuu ililichukua suala hilo bila kusubiri mlalamikaji. Meya alipofika hospitali ulikopelekwa mwili alilia mbele ya kamera, na mbunge wa chama chake akambembeleza.

Kuhusu mkataba wa kibarua yule, jiji lilikuwa na hoja. Lakini mfuko wa plastiki uliomziba hauna mkataba na mtu. Uliingia mtaroni kwa sababu tangu kufuli la Vilappilsala jiji liliwapa wakazi wajibu wa taka bila kuhakikisha wanauweza, na hilo lilianza Arya akiwa bado mtoto wa shule. Alilia juu ya deni la mameya kadhaa. Bado lilikuwa kwenye jina lake.

Septemba mwaka huohuo kazi ya kuhamisha mabomba kupisha upanuzi wa reli iliziacha kata 44 bila maji kwa siku kadhaa, shule zikafungwa. Wakazi walimkasirikia meya. Mamlaka ya maji, nimeshasema, haikuwa yake. Ilipofika mwisho wa Oktoba, yeye huyohuyo alikuwa Alexandria, Misri, akipokea Tuzo ya Shanghai ya UN-Habitat, shirika lenye makao yake Nairobi, kwa maendeleo endelevu ya miji. Thiruvananthapuram ilikuwa ya kwanza India kuipata. Sababu mojawapo ya sifa hiyo ni nishati safi: taa na paneli za sola, na mabasi 113 ya umeme yaliyonunuliwa kwa fedha za mradi wa jiji na kukabidhiwa shirika la jimbo liyaendeshe. Tuzo ya maendeleo endelevu, miezi mitatu baada ya mtu kufa kwenye taka. Wapinzani hawakuhitaji kuandika hotuba.

Mabasi yenyewe yalikuwa na ugomvi wake. Waziri wa usafiri wa jimbo, K. B. Ganesh Kumar, alipoingia wizarani alitangaza kwamba yanatia hasara kwenye njia za jiji na akataka yapangwe upya. Fedha zilikuwa za mradi wa jiji, usukani ukawa wa waziri, na waziri alikuwa wa muungano huohuo wa meya.

Uchaguzi ulipofika Desemba 2025, zamu ya wanawake katika kiti cha meya ilikuwa imepita, na orodha ya wagombea wa chama haikuwa na jina la Arya. Matokeo yalitoka Desemba 13. BJP na washirika wake walipata kata 50 kati ya 101, upande wa kushoto ukapata 29, na utawala wa miaka zaidi ya 40 ukakatika. Diwani wa zamani wa chama chake aliandika mtandaoni kwamba kiburi na siasa za kujijengea jina za meya ndivyo vilivyowaangusha, kisha akayafuta maandishi hayo. Arya alijibu kwa maneno machache kwenye hali yake ya WhatsApp kwamba harudi nyuma hata inchi moja.

Mimi siafikiani na wanaomtwika kipigo chote. Jiji hilo lilikuwa likielekea BJP tangu zamani. Mwaka 2020, kabla hajakalia kiti, tayari walikuwa na madiwani zaidi ya 30. Pia siafikiani na wanaosema alionewa tu. Alikuwa na muhula wa miaka mitano, wingi barazani na jina linalojulikana kuliko la waziri yeyote wa jimbo ukiondoa mkubwa wao. Angeweza kuifanya orodha ya vibarua kuwa wazi siku ya barua ile, bila kusubiri waziri. Angeweza kwenda kuzungumza na yule dereva. Chama kilichomfundisha kusimama jukwaani tangu utotoni hakikumfundisha kusimama peke yake, naye hakujaribu kwa nguvu.

Desemba 26 V. V. Rajesh wa BJP alichaguliwa meya, kwa kura 51. Moja ya mambo ya kwanza aliyoyashika ni yale mabasi 113 ya umeme: alitaka yatembee ndani ya jiji lililoyanunua na mapato yagawanywe kama mkataba unavyosema. Ganesh Kumar, wakati huo bado waziri wa usafiri, alimjibu kwamba kama jiji linayataka, liandike barua, yeye atayarudisha yote na kuleta mengine.